Nyumba ya bei nafuu Greymouth, kumbe kiwanja ni cha Wamaori: ninunue?

Dada wa Greymouth aliandika:

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi niko Greymouth huku West Coast, New Zealand, nafanya kazi ya uuguzi, residensi nilishapata. Nimeona nyumba ya vyumba vitatu, bei iko chini sana ukilinganisha na zingine za aina yake. Nilipomuuliza dalali akasema aah, ni kiwanja cha lizi tu, yaani nyumba unanunua ila ardhi unapanga, hapa mjini wengi wako hivyo usiogope. Kuangalia hati nakuta mwenye ardhi ni Mawhera Incorporation. Ndo kina nani hawa? Wanaweza kunitoa siku moja? Na benki itanikopesha kweli? Dalali anataka jibu Ijumaa.

Dada mkubwa, Christchurch:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo Ijumaa ya dalali isikubabaishe, usisaini kitu kabla wakili hajasoma lizi yenyewe, nasema lizi, sio tangazo wala muhtasari aliokupa dalali.

Mawhera ni Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hii, ndio wenye ardhi ya sehemu kubwa ya mji, tena zamani. Mwaka 1860 wazee wa Poutini Ngai Tahu, kabila la Wamaori wa pwani hiyo, waliiuzia serikali karibu pwani yote hiyo, mamilioni ya eka, kwa pauni 300, wakabakiza vipande vyao vichache na kimoja ndio hapo mtoni ulipo wewe. Haikupita miaka mingi dhahabu ikaonekana, watu wakamiminika, mji ukaota juu ya kipande kile kile walichokibakiza! Basi serikali ikashika usimamizi, ikapangisha viwanja kwa niaba ya wenyewe, 1882 ikaviweka chini ya Mdhamini wa Umma, ofisi ya serikali ya kusimamia mali za watu, na 1887 ikatunga sheria inayowapa wapangaji lizi ya miaka 21 inayoongezwa tena na tena bila mwisho. Yaani wewe Mmaori ardhi ni yako kwenye karatasi lakini kuikalia huwezi, wala wajukuu zako. Na kodi ya pango inapangwa mara moja kwa miaka 21, sheria ya 1955 ikaja kuifunga kabisa, asilimia 4 ya thamani ya kiwanja kitupu mjini na 5 shambani. Kwahiyo bei za vitu zikipanda miaka ya 70 mwenye ardhi anapokea hela ile ile iliyopangwa enzi za babu. Hili jambo linaniuma sana kila nikilisoma, ni watu waliokuwa na akili ya kubakiza kitu wakanyang'anywa faida yake kwa kalamu.

Mwaka 1976 ndo ardhi ikarudishwa mikononi mwao kupitia hiyo Mawhera, ni kama kampuni ya ukoo, wenye hisa ni vizazi vya wale wamiliki wa kwanza. Lakini zile lizi zilirudi nazo hivyo hivyo. Sheria ya 1997 ndio ilibadilisha, kodi ikaanza kuelekea bei ya soko na kupitiwa kila miaka 7.

Sasa swali lako. Kutolewa, hapana, ukilipa na kufuata masharti lizi inaongezwa. Ila kodi itapanda na ndo maana nyumba ni rahisi, dalali hajakupa zawadi. Tuseme kiwanja kimethaminiwa dola 80,000 na mkakubaliana asilimia 5, hiyo ni dola 4,000 kwa mwaka, kama 77 kwa wiki, juu ya mkopo, juu ya reti (kodi ya nyumba ya halmashauri), juu ya bima. Muulize wakili: lizi hii iko chini ya sheria ipi (manake si zote zinafanana), kodi ilipitiwa lini mara ya mwisho na inapitiwa tena lini, na ukitaka kuuza baadaye kuna mtu lazima umpe nafasi ya kwanza au hapana. Benki zingine hukopesha lakini wanataka uweke hela nyingi zaidi mwanzoni, waulize kwa maandishi. Na kwa wengine mnaosoma, kama bado una viza ya kazi tu, tangu sheria ya 2018 huruhusiwi kununua nyumba hivi hivi, msidanganyane.

Kaka wa Auckland:

Asante dada kwa darasa. Lakini mi nauliza, kwanini wasiwauzie tu hao wapangaji mambo yaishe? Halafu kuna kipande cha Wamaori niliona kule Northland, majani matupu, hakuna anayelima, nikauliza bei nikaambiwa hakiuzwi. Ardhi inalala bure.

Dada mkubwa, Christchurch:

Kaka yangu, hapo ndipo tunapowakosea hawa wenyeji wetu. Kuuza ndiko kulikowamaliza. Korti ya ardhi ya 1865 ilichukua ardhi ya ukoo mzima ikaandika hatini majina yasiyozidi kumi, wengine wote wakaachwa nje, na hao kumi wakawa na uwezo wa kuuza. Kesi yenyewe inasikilizwa mjini, mnakaa wiki na wiki, mnakula kwa mkopo dukani, mpimaji anataka hela yake, mwisho mnauza ardhi kulipa deni la kuithibitisha kuwa ni yenu. Halafu mtu akifa watoto wote wanarithi sawa, sehemu zinakatika vipande vidogo vidogo, na sheria ya 1953 ikaja kusema hisa yenye thamani isiyozidi pauni 25 serikali inaweza kuichukua na kulipa. Mwaka 1967 tena, ardhi yenye wamiliki wanne kushuka chini ikageuzwa ya kawaida hata wenyewe hawajataka. Ndo bibi wa Kimaori, Whina Cooper, akaongoza watu kutembea 1975 toka Te Hapua kaskazini mpaka Wellington, umri wake karibu themanini, wakisema hata eka moja zaidi isiondoke.

Hiyo ya Northland kulala, wamiliki wanaweza kuwa mamia, wengine wako Australia, na benki mara nyingi haiwapi mkopo kwa ardhi isiyouzika kirahisi. Sio uvivu. Tangu sheria ya 1993 kuiuza kunataka ridhaa ya angalau robo tatu, korti ithibitishe, na ndugu wa ukoo wapewe nafasi kwanza. Kuikodi inawezekana, tafuta wadhamini wake kwenye rejista ya Korti ya Ardhi ya Wamaori, ongea nao kwa heshima.

Mzee wa Wellington:

Sisi wa Mombasa hii si ngeni, nyumba bila ardhi. Babu yangu alijenga Majengo, kiwanja cha mwenyewe, kodi kila mwezi, na nyumba ikauzwa mara mbili bila kiwanja kusogea. Mwanangu nunua ukipenda, lakini usiweke hela nyingi kwenye jiko jipya kabla hujajua lizi inasemaje juu ya ulichokijenga.

Dada wa Greymouth:

Nawashukuru sana, mzee shikamoo. Dalali nimemwambia Ijumaa haiwezekani. Wakili ameipata lizi, kodi inapitiwa upya mwakani, na dalali hakuligusa hilo hata kidogo. Ofa yangu naishusha, na Jumatatu nawapigia Mawhera wenyewe niwaulize wanatarajia kiasi gani.