Usimwache Fundi Akate Soketi

Kikundi: FAMILIA YA MBAGALA

*Alhamisi jioni*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Naombeni msaada. Betri ya Vitz ilikufa juzi nikabadilishiwa pale pale barabarani. Tangu siku hiyo redio inaleta maandishi ya Kijapani na sehemu ya kuingiza namba, basi. Haiimbi, haisemi.

Zuhura: [Picha]

Hamisi: Hiyo imejifunga dada.

Mjomba Athumani: Marahaba mwanangu. Hamisi kasema kweli. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zina kinga ya wizi. Umeme ukikatika zinajiona zimeibiwa, zinadai namba ya siri, na namba yenyewe imebaki Japani kwa mwenye gari wa kwanza. Gari la mwaka gani?

Zuhura: 2012 Mjomba.

Shangazi Mwajuma: Kwani hakuna wa kuifungua?

Mjomba Athumani: Wapo. Ila kabla hajatoa pesa ajue anafungua kitu gani. Redio ya Japani ya miaka hiyo FM yake inaanzia 76 inaishia 90. Stesheni za huku kwetu ziko kati ya 88 na 108. Hapo unaokota kipande kidogo cha mwanzo tu.

Zuhura: Kumbe! Clouds 88.5 nilikuwa naipata, Radio One 89.5 naipata, EFM 93.7 sijawahi kuisikia humo hata siku moja. Miaka miwili nalaumu antena.

Mama: Na Times 100.5 ndiyo maana. Kila nikipanda naambiwa Mama humu haipo.

Salum: Si kuna kile kidude cha kuchomeka kwenye waya wa antena, ekspanda? Nilikiona Kariakoo, elfu kumi na tano.

Mjomba Athumani: Kipo. Kinazishusha stesheni za juu ziingie kwenye masafa ya Kijapani. Kikishusha kwa 20, Times ya 100.5 utaikuta imeandikwa 80.5, na sauti mara nyingi inakuja na mvumo. Sasa jumlisha pesa ya kufungua na pesa ya ekspanda, bado menyu ni ya Kijapani. Kwa hesabu hiyo mimi nisingeifufua. Anunue nyingine yenye Bluetooth.

Zuhura: Bluetooth ndiyo hasa ninayoihitaji. Nikitoka zamu ya usiku Mama ananipigia niko barabara ya Kilwa. Nisipopokea anapiga mara sita. Nikipokea nimeshika simu mkono mmoja, usukani mkono mmoja, malori ubavuni. Naogopa jamani.

Mama: Nisipopiga nitajuaje kama umefika salama?

Zuhura: Najua Mama. Ndiyo maana naitafuta.

Hamisi: Dada chukua Android ya kioo kikubwa inchi 9. Unapata YouTube, ramani, kamera ya nyuma, kila kitu. Laki mbili na nusu.

Zuhura: Nina laki na ishirini, pamoja na ufundi.

Mjomba Athumani: Hamisi, kioo kizuri nakipenda hata mimi. Lakini zile za bei ya chini nyingi zina kumbukumbu ndogo ya kufanyia kazi, RAM ya 1GB. Asubuhi unawasha gari, umefika kituo cha pili bado inajiwasha. Simu ya Mama ikiingia wakati huo haipokeleki. Na jambo la kupandisha sauti kwa kugusa kioo huku unaendesha silipendi kabisa. Kitufe cha kuzungusha kidole kinakifikia chenyewe, macho yakibaki barabarani. Huyu anatoka kazini usiku amechoka.

Hamisi: Hapo nimekuelewa Mjomba.

Shangazi Mwajuma: Na vile vidude vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari? Baba Rama anacho, elfu kumi na mbili tu.

Mjomba Athumani: Kile kinarusha FM kidogo ndani ya gari, na redio iwe nzima ndipo ikidake. Ya Zuhura imefungwa. Halafu Dar es Salaam masafa yamejaa. Ukipata mahali patupu Mbagala, ukifika Posta pana mtu.

*Ijumaa mchana*

Salum: Niko Gerezani. Nimeona hizi mbili.

Salum: [Picha]

Salum: [Picha]

Salum: Zote za mstari mmoja, zile nyembamba zenye nusu ya kimo cha ile ya zamani, Bluetooth, USB, AUX, kitufe cha kuzungusha. Ya kwanza elfu 40, imeandikwa 4x60W. Ya pili elfu 60, imeandikwa 4x50W. Muuzaji anasema ya kwanza ndiyo yenye nguvu.

Mjomba Athumani: Usisome boksi. Igeuze nyuma uangalie fyuzi.

Salum: Ya kwanza 10. Ya pili 15.

Mjomba Athumani: Haya. 4 mara 60 ni wati 240. Gari likiwaka umeme wake ni kama volti 14. Fyuzi ya ampea 10 inabeba wati 140 hivi kwa mfululizo, na si zote zinazofika kwenye spika, nyingine zinaishia kuwa joto. Hizo 240 zitapita wapi? Sasa zipime mkononi. Ipi nzito?

Salum: Ya pili, kwa mbali. Nyuma ina bati nene la alumini lenye mapezi.

Mjomba Athumani: Hilo ndilo linalopooza joto. Ya kwanza ina kibati kama cha kopo, siyo?

Salum: Ndiyo.

Mjomba Athumani: Mwambie aiunge ya pili kwenye umeme wa volti 12 hapo dukani. Uunganishe simu yako, umpigie Zuhura. Usitoke bila kupiga simu. Muziki kila redio inacheza, maiki ndiyo inayokuja kuonekana mbovu nyumbani. Na uulize kama nyuma kuna tundu la maiki ya nje.

Zuhura: Kanipigia. Nimemsikia, ila kama yuko ndani ya pipa.

Salum: Tundu la maiki ya nje lipo. Maiki yenyewe elfu 5.

Mjomba Athumani: Chukua. Pia soketi za Toyota za kuchomeka kwenye zile za gari bila kukata, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, ziwe tayari na nyaya zake. Na fremu ya Vitz. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na redio hizi zina kama 180, bila fremu zitabaki nyufa pembeni. Chukua fremu yenye kimfuko chini, atawekea simu.

Salum: Redio 55 baada ya kuomba sana, maiki 5, soketi 10, fremu 20. Jumla 90. Hapa nje kuna fundi anasema soketi za nini, yeye anakata zile za gari anaunga moja kwa moja, elfu 10 tu, dakika ishirini.

Mjomba Athumani: SALUM USIKUBALI.

Mjomba Athumani: [Ujumbe wa sauti 1:48]

Shangazi Mwajuma: Sisi tulio kwenye daladala hatuwezi kusikiliza, tuandikie kaka.

Mjomba Athumani: Samahani. Nasema hivi. Redio yenyewe nyaya zake zina rangi ambazo kila fundi anazijua. Njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni bodi, yaani hasi. Lakini nyaya za gari la Toyota zina rangi zao. Kwenye ile soketi ya pini 6 utakuta nyekundu, nyeusi, njano na nyeupe, na zote nne ni za spika za nyuma. Umeme wa kudumu wa Toyota uko pini 10, bluu yenye mstari wa njano. Wa swichi ni kijivu. Bodi ni kahawia. Sasa fundi mwenye haraka anakata, anaunga nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi, kijivu kwa kijivu. Nyaya za umeme za redio zimeishia kwenye spika, na kijivu ya redio ni ya spika, kwa hiyo umeme wa swichi wa gari umeingia kwenye njia ya spika ya redio. Redio mpya inakufa siku hiyo hiyo. Nimezipokea za namna hiyo mezani kwangu zaidi ya mara moja, mwenye gari analia kwamba kauziwa feki, kumbe redio ilikuwa nzima. Na soketi ikishakatwa, kila redio itakayokuja baadaye itaungwa kwa tepu. Tepu kwa joto la Dar inaachia gundi, nyaya zinabaki uchi nyuma ya dashibodi. Gari linaungua hivyo.

Zuhura: Kaka Salum rudi nyumbani na soketi zako.

Salum: Nishapanda gari.

*Jumamosi asubuhi*

Salum: Tuko uani kwa Mama. Mimi, Zuhura na Hamisi. Mjomba kaa karibu na simu.

Mjomba Athumani: Nipo. Kwanza toeni hasi ya betri. Halafu fremu ya dashibodi, msivute kwa bisibisi, itakwaruza. Vuteni kwa kipande cha plastiki, vibanio vitaachia kimoja kimoja.

Hamisi: Tumetumia mwiko wa Mama wa plastiki.

Mama: Na mwiko wangu murudishe.

Salum: Boliti nne za spana 10, redio imetoka. Soketi zote mbili nzima, hazijawahi kuguswa.

Salum: [Picha]

Mjomba Athumani: Nzuri sana hizo, tangu Japani. Angalia kichwa cha waya wa antena, cha duara au cha mraba?

Salum: Duara.

Mjomba Athumani: Kitaingia bila kibadilishio. Unga waya za redio na za soketi mpya hapo mezani, kabla hujaingia garini. Sokota, lehemu kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa moto. Waya ambao hauna mwenzake uzibe ncha, usiuache ukining'inia. Na hasi za spika usizipeleke bodi hata moja, kila spika ibaki na waya zake mbili.

Hamisi: Nimelehemu mimi Mjomba. Angalia.

Hamisi: [Picha]

Mjomba Athumani: Safi. Huo wa tatu urudie, risasi imekaa juu kama tone, haijaingia ndani ya waya.

*Jumamosi, saa nane mchana*

Zuhura: INAIMBAAA

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah!

Zuhura: EFM 93.7 hiyo hapo. Ila Times ya Mama inakwaruza. Na nikizima gari nikiwasha, stesheni nilizohifadhi zimefutika zote, saa inarudi sifuri.

Mjomba Athumani: Mawili tofauti. Tuanze na la kusahau. Toa ufunguo kabisa, pima waya wa njano wa redio kwa mita ya kupimia volti au kwa taa ya majaribio.

Salum: Ufunguo nje, njano haina umeme. Nyekundu ina volti 12.4.

Mjomba Athumani: Zimebadilishana. Aliyetengeneza hiyo soketi mpya kapanga rangi vibaya, inatokea kwa hizi za bei ndogo. Kumbukumbu ya redio inakaa kwenye njano, sasa mmeipa umeme wa swichi, kila ukizima inakufa. Mngeniamini mimi na rangi mngeenda hivyo hivyo. Pimeni, rangi ya waya ni ahadi tu.

Salum: Nimebadilisha. Nimezima, nimetoa ufunguo, nimewasha. Stesheni zipo, saa ipo.

Mjomba Athumani: La pili. Redio ina waya wa bluu mtupu, hauna mstari. Mmeufanya nini?

Hamisi: Nimeuziba ncha, kwenye soketi ile haukuwa na mwenzake.

Mjomba Athumani: Kosa langu, sikuusema. Antena nyingi za Toyota zina kikuza mawimbi chenye kuhitaji umeme, na umeme wake unatoka kwenye huo waya. Kwenye pini 10 ya gari tafuteni waya wa antena, pimeni kwanza kwamba hauna umeme wake mwenyewe, ndipo mwunge bluu hapo.

Salum: Dakika kumi.

Mama: Nimeisikia! Nipo jikoni naisikia Times kutoka uani!

Zuhura: Maiki tunaweka wapi? Hamisi anataka juu ya redio.

Mjomba Athumani: Hapo itasikia feni ya kiyoyozi kuliko wewe. Pandisha juu, karibu na kile kizuia jua cha upande wako, ielekee mdomoni. Waya upitishe ndani ya mpira wa mlango, kisha ndani ya nguzo, uje chini. Usiupitishe mbele ya usukani.

*Jumapili, saa moja asubuhi*

Zuhura: Natoka zamu jamani. Naingia barabarani.

Mama: [Simu ya sauti imekatwa]

Mama: Samahani nimebonyeza kwenye kikundi. Nampigia yeye.

Shangazi Mwajuma: Enhe dada, umempata?

Mama: Nimempata. Nilisikia hadi kiashiria cha kona kinavyogonga. Kaniambia mikono yote miwili iko kwenye usukani, nikamwuliza mara mbili. Tumeongea kutoka Mtongani mpaka Rangi Tatu. Sasa hivi anafungua geti.

Salum: Mjomba, ile redio ya zamani tuitupe?

Mjomba Athumani: Msiitupe. Ifungeni kwenye mfuko pamoja na boliti zake na bati za pembeni. Akija kuuza gari, kuna mnunuzi atakayeitaka. Na Hamisi, Jumamosi ijayo njoo Morogoro, nina mita ya ziada hapa, uichukue.

Hamisi: Nakuja Mjomba. Basi la kwanza.