Wahudumu wa afya ya jamii vijijini tumechoka kufanywa watu wa kujitolea milele

Wakuu, hili nimekaa nalo muda mrefu nikidhani litapita. Halijapita, kwa hiyo naandika, na atakayekasirika akasirike.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kaunti ya vijijini. Kwa asiyeijua kazi hii, mimi ndiye yule anayebisha hodi na mkoba mgongoni, anayeuliza kama mjamzito ameanza kliniki, kama mtoto amemaliza chanjo, kama mzee mwenye presha bado anameza vidonge vyake au ameacha kwa sababu alijisikia nafuu. Kazi naipenda na nyumba ninazozihudumia nazijua. Kinachonichoma ni namna tunavyoendeshwa na watu wanaosema hadharani kwamba sisi ni uti wa mgongo wa afya vijijini.

Mradi mwingine umefungwa juzi. Walikuja wakatuita semina, wakatuchagua upya kana kwamba hatukuwepo, wakatugawia rejesta mpya zenye nembo yao na fulana, wakapiga picha nyingi sana. Ufadhili ulipoisha gari halikurudi. Kabla yao kulikuwa na mradi wa lishe, na kabla ya huo wa vyoo. Kila mmoja ulikuja na fomu zake, programu yake ya simu na jina lake jipya la kutuita. Hakuna hata mmoja ulioanza kwa kuuliza uliotangulia uliacha nini. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa kwenye orodha ya lishe alinisimamisha njiani akaniuliza, "Sasa huyu mtoto haumwi tena, au ni mradi ndio umepona?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe inavyokuwa, maana nahisi wengi wanaopanga bajeti hawajawahi kuiona ikifanyika.

Mtoto wa miezi tisa ana kikohozi na mama ana wasiwasi. Namwomba amtulize na kumfunua nguo, kwa sababu mtoto anayelia pumzi zake hazihesabiki. Natazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka, nahesabu dakika nzima bila kukatisha. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, anapumua haraka na huenda ni nimonia. Wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, kikomo ni 40. Nikiona kifua kinabonyea ndani wakati anavuta pumzi, hapo hakuna mjadala, ni kituo cha afya mara moja. Halafu namvalisha utepe mkononi kupima lishe: chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu, utapiamlo mkali. Haya yote unafundishwa ukafundishika, hayahitaji daktari. Yanahitaji kipima muda kinachofanya kazi, utepe ambao rangi zake hazijafutika, na vidonge vya amoksilini, dawa ya nimonia, ndani ya mkoba.

Kipima muda changu kilikufa zamani, natumia simu yangu na chaji yangu. Amoksilini hakuna. Imekuwa hakuna kwa muda mrefu kiasi kwamba kuuliza kunaonekana kama ugomvi. Basi naandika karatasi ya rufaa. Mama anambeba mtoto, anatembea, anapanga foleni zahanati, anaambiwa dawa zimeisha, akanunue. Anarudi nyumbani jioni na karatasi yangu mkononi.

Mnajua kinachofuata? Safari nyingine nikimwambia aende, hataenda. Siwezi kumlaumu. Neno langu kwake lilikuwa mali pekee niliyokuwa nayo, na mtu aliyeshindwa kuagiza dawa ndiye aliyelitumia likaisha. Wataalamu wa uzazi wana maelezo ya tangu 1994 kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sisi tunasukumwa kila siku tukapambane na ule wa kwanza. Semina baada ya semina ni "hamasisheni jamii, hamasisheni jamii". Ule wa tatu, ambao uko mikononi mwa ofisi zenyewe, haufanyiwi semina. Na watu vijijini si wajinga. Wakiona kituo hakina kitu wanaacha kwenda, kisha ripoti inaandikwa kwamba jamii ina mwamko mdogo. Neno hilo "mwamko mdogo" nikilisoma damu inachemka.

Sasa malipo. Nitasema waziwazi kwa sababu tumefundishwa kuona aibu kulisema. Katika mradi mzima, mratibu analipwa, mhasibu analipwa, dereva analipwa, mwenye ukumbi wa semina analipwa. Anayetembea jua na mvua kwenda kwenye nyumba ya mgonjwa ndiye anayeambiwa awe na moyo wa kujitolea. Wengi wetu ni wanawake, na sidhani hilo ni bahati mbaya: kazi ya kulea na kuuguza imezoeleka kuwa ya bure, basi imehamishwa kutoka nyumbani ikaandikwa kwenye mpango wa kaunti vilevile ilivyo, bure.

Na msiniambie hili ni wazo langu la uchoyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ya jamii. Limesema tulipwe kulingana na uzito wa kazi, tupewe mkataba wa maandishi, na malipo yasitegemee kabisa au kwa sehemu kubwa zawadi za matokeo. Ethiopia ilianza mwaka 2003 kuweka wanawake wawili kwa kila kebele, yaani eneo dogo kabisa la utawala kule, wakafunzwa mwaka mzima, wakawekwa kwenye mshahara wa serikali. Walipita 30,000. Brazil ilianzisha mpango wa taifa wa mawakala wa afya ya jamii mwaka 1991, na kuanzia 1994 wakaingizwa kwenye timu moja na daktari na muuguzi, kila wakala na kaya zake za kutembelea kila mwezi. Angalieni hapo: timu moja. Wakala akiona jambo nyumbani, kuna muuguzi anayemjua kwa jina upande wa pili. Mimi nikiona jambo naandika karatasi na kuomba Mungu.

India wana wahudumu wa vijijini wanaoitwa ASHA, tangu 2005, takriban milioni moja, wanawake. Wamelipwa kwa vijiposho vya kazi moja moja: umempeleka mjamzito hospitali kujifungua, hiki chako, umefuatilia chanjo, hiki chako. Mwaka 2022 walipewa tuzo na Shirika la Afya Duniani. Hao hao wamegoma na kuandamana mara nyingi wakidai mshahara na kutambuliwa kuwa wafanyakazi. Nawaelewa kabisa. Tuzo hailipi ada ya mtoto shuleni.

Jambo jingine linaloniudhi ni kupangiwa. Mwezi Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, Kazakhstan, yakaandika kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga na kutekeleza. Sisi tumeachiwa kutekeleza. Kalenda inashuka kutoka ofisini, mkutano wa hadhara umewekwa saa nne asubuhi msimu wa kupanda, halafu wanashangaa wamekuja wazee na watoto tu. Ule mradi wa vyoo nilioutaja ulijenga vyoo bondeni, kwa sababu gari la kubebea matofali lilifika huko kwa urahisi. Wazee walisema mapema kwamba mvua ikinyesha maji hupanda pale. Hawakusikilizwa. Mvua zilipokuja mashimo yakajaa, uchafu ukaelea hadi kwenye njia ya kisimani, na watu wakarudi vichakani. Katika ripoti vile vyoo vimehesabiwa vyote, na vitaendelea kuhesabiwa.

Tena inauma zaidi kwa sababu tunajua jamii ikipewa usukani inaweza. Mwaka 1986 ugonjwa wa minyoo ya Guinea ulikuwa ukiwapata watu wapatao milioni 3.5 kwa mwaka. Miaka ya karibuni wagonjwa wanaoripotiwa dunia nzima hawafiki 20 kwa mwaka. Ugonjwa huo hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Umesukumwa hadi hapo na watu wa vijijini wenyewe: kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, kumzuia mwenye kidonda cha mnyoo asiingie kwenye bwawa, na kumfuatilia kila mgonjwa mmoja mmoja hadi apone. Usubi nao, ule upofu wa mtoni, kuanzia miaka ya 1990 vijiji vya Afrika vilichagua vyenyewe nani agawe dawa yake, ivermectin, na wagawe lini. Mgawaji anamsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama, urefu unaonyesha idadi ya vidonge. Fimbo tu, na mtu ambaye kijiji kinamwamini. Lakini hata hapo, dawa ilifika. Niwaombe mshike hilo: dawa ilifika.

Halafu kuna hesabu ya "waliofikiwa". Nikisimama mbele ya mkutano nikasema dakika kumi juu ya kunawa mikono, kila aliyekaa pale amefikiwa, hata aliyesinzia. Bangladesh miaka ya 1980 shirika la BRAC lilipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, kuwafundisha akina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Baadaye wakaguzi walirudi kumuuliza mama anakumbuka nini na kumtaka achanganye mbele yao, na malipo ya mwalimu yalifuata majibu hayo. Sitaki tulipwe hivyo, mwongozo nimeshautaja hapo juu. Ninachotaka ni kile kipimo. Njooni muulize mama baada ya mwezi kama anajua paketi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuharisha iliyopimwa tayari, inahitaji maji safi kiasi gani, kama anajua kwamba zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Hapo mtajua kama tumefanya kazi. Sasa hivi mnaniuliza idadi ya vichwa tu, na mnaniuliza kwenye fomu tatu tofauti zenye swali lilelile.

Najua kuna watakaosema wahudumu wengine wanajaza rejesta wakiwa wamekaa nyumbani. Ni kweli, wapo, na wanatuharibia. Ila mtu asiyelipwa, mwenye fomu nyingi kuliko dawa, ambaye hajawahi kutembelewa na msimamizi hata nyumba moja, mlitarajia afanye nini? Msimamizi wetu anakuja kukusanya ripoti. Namwomba siku moja atembee nami. Aone ninavyohesabu pumzi, anisahihishe nikikosea, amsalimie yule mzee mwenye presha ili mzee ajue kwamba sikujituma mwenyewe.

Na watakaosema pesa hakuna, basi leteni hadharani bajeti ya semina, mafuta ya magari na uchapishaji wa mabango. Mimi nimekaa kwenye semina ya siku nzima kuhusu usafi wa maji, mbele ya kila mtu chupa za maji, tukaambiwa dawa ya kutibu maji kwa kaya zetu haijapangiwa fungu. Mnataka niseme nini kuhusu pesa hakuna?

Tunachodai kinajulikana na hakihitaji mshauri elekezi. Mshahara wetu uwe kwenye bajeti ya kaunti, usitegemee mfadhili ameamkaje. Mkataba uwe wa maandishi. Dawa za mkoba wa mhudumu ziingizwe kwenye agizo la kituo cha afya kila mara kituo kinapoagiza, zisisubiri mradi. Rejesta iwe moja, ya kaunti, na mradi wowote ukija utumie hiyo hiyo au urudi ulikotoka. Mradi usiruhusiwe kuanza kabla haujaandika ni nani ataendelea na watoto walio kwenye orodha siku ukifungwa, na huyo mtu awe amesaini. Hili la mwisho kwangu ndilo la kwanza, kwa sababu mtoto wa utapiamlo hapimwi mara moja ukamaliza. Ukimwacha katikati ya matibabu umemwacha pabaya.

Maofisa wa afya wa kaunti mnaosoma humu, na najua mpo, msinijibu kwamba mmelipokea mtalifanyia kazi. Andikeni hapa chini: kwenye kaunti yako, mhudumu wa afya ya jamii yuko kwenye fungu gani la bajeti, na mara ya mwisho amoksilini ilifika kwenye mkoba wake lini? Na wahudumu wenzangu ambao kwenu mshahara umeshaingia bajetini, naomba mtueleze mlianzia kwa nani, mlibanana na baraza vipi, na nani alijaribu kuwakwamisha. Sisi tunaanza wiki hii kukusanya saini, tarafa kwa tarafa.