Tupeane uzoefu: bima ya gari kwa kijana anayeanza kuendesha, hapa Mtwara na Lindi

Binti Mikindani
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 22, leseni kaipata mwaka huu, na baba amemwachia IST ya nyumbani afanyie mizunguko yake ya Mikindani na mjini. Kila mtu anamwambia lake. Wengine wanadai kijana anatozwa mara mbili, wengine wanamshauri atafute stika ya bei chee ili apite tu kwa trafiki. Mimi nataka alipe kitu kitakachomlinda kweli. Mliopitia hili, mlilipa ngapi, na mlipopata ajali mlilipwa?

Mama Shangani
Mwanangu, kwa bima ndogo umri hauangaliwi. Gari dogo la binafsi ni laki moja, weka VAT ya asilimia 18, jumla 118,000 kwa mwaka. Mimi na kijana wangu tunalipa sawasawa. Wakala akisema "wewe kijana, ongeza kidogo", muulize nyongeza hiyo ameitoa wapi. Ila mdogo wako ajue kwamba bima hiyo inamlipa yule atakayemgonga na mali yake. IST yenu ikibondeka, mtaitengeneza wenyewe.

Fundi wa Masasi
Mama kasema kweli. Umri unakuja kwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, na hapo ndipo vijana wengi tunaumia bila kujua. Gari langu tulilithaminisha milioni 12. Kwa asilimia 3.5 ni 420,000, pamoja na VAT inafika 495,600. Wengi wanaishia kuangalia namba hiyo. Mimi nawaomba muulize ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata shilingi. Kwenye mkataba wangu, dereva wa chini ya miaka 21 au mwenye leseni changa alikuwa na ekses kubwa kuliko wengine. Sasa chukulia ekses ni laki tano, kijana kakwangua mlango na matengenezo ni laki tatu: hapo hulipwi kitu.

Mimi nilipitia kwa broka. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni, broka anamtafutia mteja. Alinipa bei za kampuni tofauti, na iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote ndiyo iliyokuwa na ekses nzito. Nikaiacha. Pia msishushe thamani ya gari ili mlipe kidogo. Gari la milioni 12 ukiliandikisha milioni 6, siku ya ajali wanaweza kukulipa nusu ya hasara.

Mkulima Tandahimba
Kwangu shida ni msimu. Bima inaisha Juni, pesa ya korosho inaingia kuanzia Oktoba au Novemba, na siku hizi hakuna bima ya mkopo, usipolipa huna kinga. Kwa hiyo malipo ya mnada yakiingia tu, natenga ya bima benki kabla sijanunua hata bati moja.

Kijana wa Nachingwea
Niongeze jambo linaloniuma. Rafiki yangu alikata bima ya gari binafsi, huku anapakia abiria wa Masasi kila siku. Akapata ajali, kampuni ikakataa kulipia gari lake kwa sababu matumizi hayakuwa yale yaliyoandikwa. Bima ya abiria ni ghali zaidi, najua, lakini kama gari linatafuta riziki barabarani, liandikishwe hivyo.

Lindi Mjini
Hiyo stika ya bei chee aiache kabisa. Mdogo wangu wa kiume alinunua Passo Dar, muuzaji akamwambia bima ipo. Kabla hajalipa nikaingia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima (TIRA) wa kuhakiki bima, nikaweka namba ya gari: hakuna kitu. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Na hata ingekuwepo, ilikuwa ya mwenye gari wa zamani, ingebidi kampuni ijulishwe. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara, na ukigomewa fidia yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Binti Mikindani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali moja: kadi ya gari ina jina la baba. Bima iandikwe jina la nani?

Fundi wa Masasi
Ya baba, dada. Yeye ndiye mwenye gari. Kama ni bima kubwa, kwenye fomu mwandikeni mdogo wako kama dereva wa kila siku, umri wake na tarehe ya leseni, kisha mkae na nakala yenye muhuri. Mkificha hilo, siku ya madai ndilo watakaloanza nalo.

Mama Shangani
Na kwa mwaka huu wa kwanza, mwanangu, kama fedha haitoshi kwa bima kubwa, kateni ndogo leo hii. Asitoke na gari kesho bila hiyo.