Tupeane uzoefu: Maonyesho ya kilimo ya Nakuru, Kitale na Kisumu kama mlivyoyajua ninyi

Mjukuu wa Njoro

Ndugu zangu, nimeanzisha mada hii kwa sababu ya koti jeupe. Tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu babu yangu huko Njoro, tulikuta sandukuni koti la kitambaa kizito, limefuliwa na kukunjwa vizuri, ambalo hakuna hata mmoja wetu sisi wajukuu aliyewahi kumwona amelivaa. Shangazi ndiye aliyetueleza kwamba lilikuwa koti la shoo, yaani vazi alilopewa na mzungu aliyemwajiri ili amwongoze ng'ombe mbele ya waamuzi katika maonyesho ya Nakuru.

Chama kinachoandaa maonyesho hayo kilianzishwa mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu, na mwaka 1902 kikafanya onyesho la kwanza mjini Nairobi. Wakati huo kilikuwa chombo cha walowezi, waliotaka kujua ni mbegu zipi na mifugo ipi itakayostahimili nchi ambayo hawakuijua. Baadaye kikapewa jina la Kifalme, na baada ya uhuru jina hilo likaondolewa, kikawa hiki tunachokiita ASK, yaani Chama cha Kilimo cha Kenya. Kwa mujibu wa shangazi, babu alianza kazi majuma mengi kabla ya siku yenyewe: alimwosha mtamba kwa sabuni, akamsugua kwato, akamfundisha kutembea polepole bila kuvuta kamba, na usiku wa kuamkia mashindano alilala naye bandani. Mtamba aliposhinda, utepe ulibaki kwa mwenye shamba, na babu akarudi kazini.

Naomba wenzangu mnisimulie: ninyi au wazazi wenu mlikuwa upande gani wa kamba ile?

Mama Mtamba, Molo

Mjukuu wa Njoro, pole kwa kumpoteza mzee. Mimi nimekuwa pande zote mbili. Nikiwa msichana nilitazama kutoka nje, lakini baba alipopata ekari zake kupitia kampuni ya wanahisa walionunua shamba la mlowezi, alianza na ng'ombe mmoja wa kienyeji, akampandisha kwa mbegu za madume ya Kabete, kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano kilichoanzishwa mwaka 1946 na ambacho kwa miaka mingi wafugaji wadogo wasingeweza kukifikiria kuwa chao. Kizazi cha tatu kilitupa Ayrshire mwenye mabaka mekundu ambaye majirani walikuja kumtazama kama mgeni.

Tulimpeleka Nakuru, tukawa wa tatu. Jambo lililonifaa zaidi ya zawadi ni maelezo ya mwamuzi, ambaye baada ya kupanga ng'ombe kwa nafasi zao alichukua kipaza sauti akaeleza sababu zake mbele ya watu wote. Alisema ng'ombe wetu alikuwa na mgongo ulionyooka na mbavu pana zenye nafasi ya kula majani mengi, ila kiwele kilianza kuning'inia kwa nyuma, na kiwele cha namna hiyo hujeruhiwa kwa urahisi na kushikwa na ugonjwa. Tangu siku hiyo sijanunua ng'ombe kwa kutazama rangi. Naona aibu kukiri kwamba kabla ya hapo ndivyo tulivyokuwa tukichagua.

Mwalimu Mstaafu, Kitale

Kwetu shoo huja mwezi wa Novemba, na wakati huo una maana yake, kwa kuwa mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi au Aprili na hukaa shambani muda mrefu, hivyo mkulima huja uwanjani mavuno yakiwa mkononi. Nakuru hukutana Julai, ngano ikiwa bado ya kijani.

Nitasimulia kosa moja ambalo maonyesho yalilieneza bila kukusudia. Mahindi chotara namba 611 yalitolewa hapa Kitale mwaka 1964, na wakulima waliyapokea kwa kasi ya ajabu. Katika meza za mashindano, magunzi yalipangwa matano matano, mistari ya punje imenyooka, ncha imejaa hadi mwisho, yote ya urefu mmoja. Mama yangu mzazi alimwomba mshindi magunzi mawili, akayaficha kwenye kikapu kama dhahabu, akayahifadhi kwa mbegu. Msimu uliofuata shamba lilitoka na mahindi marefu kwa mafupi, mengine yakabeba magunzi ya kutia huruma. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nguvu ya chotara iko katika uzao wa kwanza tu, na kwamba lazima mbegu inunuliwe upya kila mwaka. Alidhani amerogwa. Mimi mwenyewe nilikuja kuelewa nikiwa chuoni, na nilipomweleza alicheka, kisha akaniuliza kwa nini mtu amwonyeshe mwenzake kitu kizuri asichoweza kukipanda. Sikuwa na jibu.

Kijana wa Kiamunyi

Mimi nilipotea nikiwa darasa la pili. Jina langu lilitangazwa kwenye kipaza sauti mara nne, nami sikulisikia kwa sababu nilikuwa nikitazama mbwa wa polisi wakiruka moto.

Nyar Kano, Kisumu

Uwanja wetu wa Mamboleo siku hizi watu wengi wanaujua kwa kiwanja cha mpira kilichojengwa hapo, ambako sherehe za Madaraka za mwaka 2021 zilifanyika. Mimi naujua kwa kayongo. Wenzangu wa magharibi mnalijua gugu hilo lenye maua ya zambarau yanayopendeza macho huku mizizi yake ikinyonya mahindi chini ya ardhi. Tuling'oa kila mwaka, na kila mwaka likarudi, maana mmea mmoja humwaga mbegu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri.

Katika kitalu kimoja nilikuta mahindi yamepandwa pamoja na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, na nyasi za nepia kuzunguka shamba lote. Kijana aliyesimama pale alieleza kwamba mfumo huo wa vuta-sukuma ulitokana na kituo cha utafiti wa wadudu cha Mbita: harufu ya desmodiamu humfukuza nondo ambaye viwavi wake hutoboa bua la hindi, nepia humvuta akatage nje, na mizizi ya desmodiamu hulifanya kayongo lichipue na kufa bila kulishika hindi. Sikumwamini. Nilirudi siku ya pili na mume wangu, tukaomba ruhusa ya kung'oa shina moja ili tutazame mizizi. Tulianza na robo ekari, na mwaka wa tatu ndipo nilipoacha kung'oa gugu kwa mikono. Faida ambayo sikuitarajia ni majani ya ng'ombe.

Mzee wa Pareto, Nakuru

Hadithi zenu ni nzuri, lakini tusisahau tunayoyaona sasa. Banda la pareto nililokuwa nikilitembelea kwanza, likiwa na harufu ya maua makavu, sijaliona kwa miaka, na mahali pa ng'ombe pamepungua huku vibanda vya nguo na sufuria vikiongezeka. Mwaka mmoja nilinunua langoni mbegu za vitunguu katika pakiti isiyo na tarehe, na haukuota hata mche mmoja. Anayekwenda kununua mbegu aangalie muhuri wa ukaguzi na tarehe, hata kama muuzaji amevaa tai.

Mama Mtamba, Molo

Mjukuu wa Njoro, nimekumbuka jambo. Waongozaji walibandikwa namba mgongoni kwa pini. Hebu litazame koti.

Mjukuu wa Njoro

Nimelitazama, mama. Kuna matundu manne mgongoni, na kila moja lina duara dogo la kutu. Shangazi anasema alilivaa miaka mitatu.