Wakuu, nisome nini wikiendi kuhusu teknolojia na biashara?

Picha Sakina: Habari za Ijumaa wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Sakina, Arusha: picha za pasipoti, fotokopi, kuchapa barua. Jumapili sifungui mpaka mchana, hivyo muda wa kusoma ninao. Napenda mambo ya teknolojia, biashara na vyombo vya habari, ila kila nikifungua simu ni "simu mpya imetoka" au "tajiri fulani kasema hivi". Nikimaliza sina hata cha kumsimulia jirani. Nataka kitu kirefu, chenye kisa. Kiingereza nasoma taratibu, bando la kubana. Nianzie wapi?

Kahawa Chungu: Wewe ni mtu wa picha, anza na Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kamera. Mwaka 1975 mhandisi wao, Steven Sasson, aliunda kamera ya kidijitali. Ilikaribia kilo nne, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuingia kwenye kanda ya kaseti! Januari 2012 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Wakubwa walilalia dhahabu.

Mama Njiro: Kahawa, hapo umeruka. Hawakulala kiasi hicho. Mwaka 2005 Kodak ndio walioongoza kwa kuuza kamera za kidijitali Marekani. Shida ilikuwa faida. Filamu mteja anainunua, anaisafishisha, anachapisha picha, kila hatua ni hela. Kamera ya kidijitali unamuuzia mara moja basi, halafu simu ikaja ikaimeza hata hiyo. Picha Sakina, soma Kodak pamoja na Fujifilm. Wajapani walikumbwa na balaa lilelile, wakahamishia ujuzi wa kemia ya filamu kwenye vipodozi na dawa (filamu ina kolajeni, ngozi pia). Ila chunga: makala nyingi za Kodak zimeandikwa na watu wanaouza semina za uongozi.

Fundi Stendi: Kuhusu bando, weka programu ya Kiwix. Unasoma Wikipedia bila intaneti. Ya Kiswahili faili lake dogo. Ya Kiingereza nzima itakujazia simu, chukua za mada mojamoja. Pakua kwenye WiFi, kisha zima data.

Mangi wa Kibosho: Mnakimbilia Marekani na Japani wakati KNCU iko hapa Moshi! Ushirika wa kahawa tangu 1933, uliorithi chama cha wakulima cha 1925. Serikali ikauvunja 1976 pamoja na vyama vikuu vingine, ukarudi miaka ya 1980. Nani apange bei, mkulima au mnunuzi? Biashara gani inazidi hiyo? Panda Kosta, pitia Chuo Kikuu cha Ushirika, uliza kama maktaba inapokea wageni.

Mama Njiro: Mangi, hapo sikubishii. Aongeze na M-Pesa: majaribio ya 2005 Kenya yalilenga marejesho ya mikopo midogo, watu wakaanza kutumiana hela wenyewe. Ikazinduliwa 2007 kwa kazi hiyo ya kutumiana hela, Bongo ikaingia 2008.

Picha Sakina: Asanteni sana. Naanza na Fuji, maana wateja wangu siku hizi wanajipiga wenyewe, wananitumia WhatsApp nichape tu. Mangi, wikiendi ijayo nitashuka Moshi. Fundi, Sakina hii kuna WiFi isiyolazimisha kununua soda?

Fundi Stendi: Hakuna. Nunua soda.