Nani aliwatuma mguse springi ya nyundo?

Wadau wenye leseni ya bastola, hasa nyinyi wa Ceska (CZ), hebu mniambie kama na nyinyi mnafanyiwa hivi hapa Nairobi.

Bastola yangu, CZ 75 B, ilipata ule ugonjwa wake wa kawaida: springi ndogo ya kurudisha kifyatulio ilikatika, kifyatulio kikabaki kinaning'inia. Ni kijiwaya tu. Nikaipeleka kwa muuzaji aliyesajiliwa, nikaomba wabadilishe hiyo pamoja na springi ya slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua), ambayo ilikuwa imechoka. Basi, sikuomba kingine.

Naenda kuichukua, fundi anacheka: "Mkubwa, nimekulainishia kidogo." Sikumwelewa hadi nilipofika uwanja wa shabaha. Nikavuta. Tik! Nikaacha mtutu umeelekea shabaha nusu dakika, kama tulivyofunzwa, kisha nikaitoa ile risasi. Kiwashio, kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachogongwa na pini ili iwake, kimebonyea kidogo tu, utadhani ni ukucha umegusa sabuni. Iliyofuata ikalia, nyingine ikagoma tena.

Kumbe jamaa alitoa springi ya nyundo ya kiwandani, ile inayoipa nyundo nguvu ya kugonga pini, ya takriban pauni 20, akaweka dhaifu ya pauni 13! Hizo ni za watu wa mashindano, ambao huweka na pini ndefu zaidi na kuchagua risasi zenye viwashio laini. Mimi bastola naibeba kujilinda, tena nyundo ikiwa chini, kwa hivyo ule mvuto wa kwanza mrefu wa kifyatulio, unaoinua nyundo kisha kuiachia, ndio maisha yangu. Na ndio hasa uliogoma. Alijaribu hata risasi moja kabla ya kunikabidhi? Sidhani.

Nikadai springi yangu ya zamani. "Tulitupa." Risiti nayo imeandikwa "service" na bei, hakuna kipande hata kimoja kilichotajwa. Na sasa wanataka nilipe tena ndio wairudishe ilivyokuwa! Yaani nilipie kosa lao?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanajua hatuna pa kukimbilia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kutengeneza silaha, kwa hivyo huwezi kwenda jua kali. Sawa, sheria ni nzuri, lakini isiwe kisingizio cha kutudharau.

Silipi hata shilingi. Mwenye kumjua fundi anayekurudishia vipande vya zamani mkononi na kuandika kila alichobadilisha, anitumie ujumbe faraghani.