Naomba ushauri: kuwapiga picha tumbusi porini

Wakuu, habari zenu. Natumia lenzi ya milimita 400. Tumbusi wakiwa angani wanatoka weusi tii kama vivuli. Nikiongeza mwanga, manyoya ya chini ya bawa yanaonekana vizuri, ila mawingu yanaungua yote, yaani yanabaki meupe tu. Mnafanyaje hapo?

Kwenye mzoga ndiyo kasheshe: kichwa kimezama ndani ya mbavu, shingo imelowa damu, vumbi linatimka, na fokasi inakimbilia mgongo wa aliye mbele. Spidi ya shata ya 1/2000 ya sekunde inatosha au nipandishe? Asubuhi nako hawaruki mpaka hewa ipate joto, na wakati huo jua limeshakuwa kali.

Halafu nikae umbali gani wasiache kula? Kuwawekea nyama sitaki, hilo msinishauri.